Jiwe la Mtu Aliye Hai

Wewe uliliona. Usijitie upofu leo. Jiwe lilisimama mkono wa kushoto ukiingia ukumbini, jeusi, limeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake, na juu yake uso wa mwanamume uliogongwa kwa nukta nyeupe zisizo idadi. Ulilisogelea. Ukasoma kibandiko, ukasema "masikini" kwa sauti ile ile unayomsemea paka aliyekanyagwa na gari, kisha ukaenda zako kwenye meza ya jibini. Mwenye uso huo alikuwa amesimama nyuma yako. Ulimgusa kwa kiwiko, ukamwambia, "Mzee, nipishe kidogo," naye akakupisha.

Kutazama kando ndiyo kazi mliyofuzu. Mlitazama kando mwaka ule mabomba yalipoganda kiwandani na misumeno ikaamriwa ikate mawe bila maji ya kulaza vumbi. Mlitazama kando wajane waliposimama getini na mabango ya maboksi, mkasema wametumwa. Mmesahau. Wako wasiosahau. Basi safari hii weka glasi chini, ukae, usikie habari ya nyumba moja tu.

Nyumba ya Toktosun ipo pembezoni mwa Bishkek, kwenye barabara iendayo makaburini, geti la bluu. Kila anayekwenda kuzika hupita hapo, na ndiyo sababu alijenga hapo. Kazi yake ni kugonga nyuso za marehemu kwenye mawe ya makaburi. Kabla ya hapo alikata mawe kiwandani, hadi kifua kilipoanza kulia kama bawaba yenye kutu. Wakamwambia apumzike. Hawakumwambia apumzike akila nini. Mkewe, Burulcha, hupokea wateja na kuosha mawe. Binti yao wa pekee, Aizirek, alishika sindano ya almasi tangu utotoni, na alipopita miaka ishirini alikuwa akigonga nyuso nyingi kuliko baba yake.

Jiwe jeusi halihitaji kuchorwa giza. Giza linalo lake. Unagonga mwanga tu: nukta kwenye paji, nukta kwenye ncha ya pua, na penye kivuli unazuia mkono. Kila nukta hurusha punje ya vumbi ambayo jicho haliioni. Huioni, lakini inajua njia ya kwenda.

Vuli ile alikuja mjane na shemeji yake, wameshika picha ya kitambulisho.

"Mvalishe suti," mjane alisema.

"Alikuwa na suti?" Toktosun aliuliza.

"Alikuwa dereva wa trekta. Mvalishe suti."

"Na pua ipunguzwe," shemeji akasema. "Marehemu hakuwa na pua namna hii."

"Picha si hii hapa?"

"Picha ilimwonea. Halafu ndevu hana. Kazi imepungua hapo, na bei ipungue."

Burulcha akainuka kwenye ndoo yake. "Shemeji, uso usio na ndevu ndio wenye kazi. Ndevu huficha makosa ya fundi. Ungeniletea mwenye ndevu, hapo ningekupunguzia."

Shemeji akacheka, akalipa nusu, akaondoka bila kuomba maji ya kunywa. Toktosun akaenda kuchukua ile suti. Ilikuwa suti moja tu, aliyoikata kwenye kalenda ya zamani, ya mtu asiyemjua, na tai yake ya mistari. Nusu ya wanaume waliolala katika makaburi yale wamevaa tai moja. Wachunga kondoo, wachomeleaji, walevi, wote wamefungwa tai ya kalenda, kwa sababu walio hai waliona haya kuwazika na nguo walizowafanyia kazi.

Ardhi ilipoganda, kazi ikalala, maana wakati wa baridi hakuna anayesimamisha jiwe. Toktosun akalazwa hospitali kwa kifua. Ndipo Aizirek, akiwa peke yake na jiwe lililokataliwa na mteja kwa kumeguka pembe, akaugonga uso wa baba yake kwenye jiwe lile. Hakumvalisha suti. Alimwacha na fulana yake, vumbi kwenye nyusi, mdomo wazi kidogo, kwa kuwa pumzi ya pua peke yake haikumtosha tena baba yake.

Alikuwa na sababu. Mjini kulikuwa na mfuko wa sanaa, na mwenyekiti wake alikuwa Bibi Gulsara, mke wa mwenye kiwanda cha mawe. Ndiyo, kiwanda kile kile. Mfuko ulitangaza maonyesho ya vijana wanaochora na kuchonga watu. Kwa miaka mingi walikuwa wakipigia makofi miraba na mistari. Sasa walikuwa wamesikia kwamba huko ng'ambo mwili wa binadamu umerudi kwenye mtindo, wakakumbuka kuwa hata hapa kuna binadamu. Mshindi angepelekwa nchi ya mbali, kwenye nyumba ya wasanii kando ya ziwa, akae nusu mwaka akifanya kazi yake tu, chumba na chakula juu yao. Aizirek alikuwa ameanza kukohoa asubuhi. Hakumwambia mtu. Alihesabu kwamba mtu akishavuka mlango mmoja wa namna ile, haulizwi tena shule aliyosoma, na hatarudi kwenye vumbi.

Jirani yao, Joldosh, ndiye aliyelibeba jiwe kwa lori lake, limefunikwa blanketi, kwa kuwa jiwe lenye uso halipitishwi barabarani wazi. Ukumbini walipokelewa na msimamizi wa maonyesho, Dilbara, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alilifunua blanketi. Kisha akaweka mkono begani mwa Aizirek.

"Alifariki lini?"

Aizirek alifungua mdomo. Joldosh alimtazama Aizirek.

"Usiseme," Dilbara akasema kwa upole. "Najua ni vigumu. Majaji wataguswa sana."

Aizirek akafunga mdomo. Hapo ndipo kosa lilipoingia, kimya kimya, kama vumbi. Jioni hiyo hiyo mfuko ukatoa picha ya jiwe ikasambaa kwenye simu za watu, na chini yake maneno: kwa kumbukumbu ya baba.

*

Utauliza kwa nini hakuna ndugu aliyepiga simu. Huulizi hivyo kama wewe ni mtu wa huku. Mtu hapigi simu kuuliza kama fulani amekufa. Kama amekufa, umewatukana wafiwa kwa kutaka uthibitisho; kama hajafa, umemwita mauti kwa jina lake. Unakwenda. Unakata njia nzima kwa gari, unashuka mbali kidogo na geti, na unaingia ukilia.

Toktosun alikuwa ametoka hospitali juzi. Alikuwa uani, amejitupia koti juu ya fulana, bakuli la chai ya maziwa mkononi, aliposikia vilio barabarani. Akadhani ni mazishi yanapita, kama kawaida. Geti likafunguka. Wakaingia wanaume wa ukoo wake kutoka Naryn, kofia nyeupe za sufu zimeshushwa, mikono viunoni, wameinama kama desturi inavyotaka, wanalia kwa sauti moja: "Ndugu yangu, mlima niliouegemea, sasa nitaegemea nini." Anayelia hivyo haruhusiwi kuinua macho. Kwa hiyo Sharshen, binamu yake wa kwanza, alitembea moja kwa moja hadi kwa mwanamume aliyemkuta amesimama, akamwangukia shingoni. Alimlilia Toktosun kwenye shingo ya Toktosun.

Toktosun naye machozi yakaanza kumlengalenga, kwa kuwa mtu akililiwa shingoni hulia. "Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," Sharshen akasema, kisha akainua uso.

Chai ilimwagika. Nyuma, wanawake walikuwa wameshaingia, shangazi Kanysh mbele, dada mkubwa wa Toktosun, ameshajifunga kitambaa cheusi na mashavu ameshayakwaruza. Alimtazama mdogo wake kutoka kofia hadi viatu. Kisha akampiga kofi.

"Nimesafiri kutwa nzima," alisema. "Nimemlilia huyu njia nzima mpaka sauti imekauka, naye anakunywa chai."

"Dada, mimi sikumwambia mtu kwamba nimekufa."

"Jiwe lako limetuambia."

Akamwonyesha simu. Toktosun akaliona jiwe kwa mara ya kwanza hapo, kwenye kioo kilichopasuka cha simu ya dada yake. Aizirek alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana. Burulcha alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye ardhi iliyoganda.

Na kulikuwa na kondoo. Walikuja naye nyuma ya gari, na kondoo aliyeletwa msibani harudi zizini. Akirudi, hurudi na kifo kilichomleta. Hapakuwa na la kufanya. Walimchinja, wakapika nyama na tambi, Burulcha akakaanga maandazi, na ukoo ukaketi kula matanga ya mtu aliyekuwa ameketi nao.

Sharshen akashika kichwa cha kondoo kwenye sinia, hajui akipeleke wapi. "Kichwa ni cha anayeheshimiwa leo," alisema. "Na anayeheshimiwa leo ni marehemu."

"Basi nipe," Toktosun akasema.

Vijana wakacheka mpaka wakakohoa chai. Mzee mmoja akasema kwamba amehudhuria matanga mengi lakini hii ndiyo mara ya kwanza maiti kuomba kichwa cha kondoo. Shangazi Kanysh hakucheka.

"Mtoto," alimwita Aizirek. "Njoo hapa mbele ya watu. Baba yako alikukosea nini?"

"Hakunikosea, shangazi."

"Mtu aliye hai hagongwi uso kwenye jiwe jeusi. Wewe umezaliwa kwenye kazi hii, si umefundishwa? Hata mke akimzika mume, upande wake wa jiwe huachwa mtupu mpaka siku yake. Mtupu. Huweki hata nukta."

"Lile si jiwe la kaburi. Ni kazi ya maonyesho."

"Jiwe linajua tofauti?"

Aizirek akaeleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akiangalia sinia: maonyesho, majaji, nusu mwaka, nyumba kando ya ziwa. Kuhusu Dilbara na swali lake hakusema. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Jumamosi ndiyo wanatoa hukumu. Basi Ijumaa jiwe liwe limevunjwa. Sikuja kumlilia ndugu yangu mara mbili."

Burulcha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi pia naogopa, mwanangu. Liondoe."

Toktosun alikuwa akichokonoa nyama ya shavu la kondoo. Hakuinua macho. "Huko ziwani," alimwuliza binti yake, "watu wanachonga mawe?"

"Wanachora tu, baba. Kila mtu chumba chake. Dirisha kubwa."

"Vumbi?"

"Hakuna vumbi."

Akatafuna. "Nakusikia asubuhi," alisema. "Unadhani sisikii. Unakohoa kama mimi nilivyoanza." Kisha akamgeukia dada yake. "Kanysh, kama jiwe litamtoa humu, lisimame. Mimi nimeshaliliwa, linaloniogopesha limepita. Tena kichwa hiki mmekiunguza."

*

Siku ya hukumu alitaka kwenda kuliona. Aizirek alimwambia asisumbuke, ni mbali, ni baridi, watu ni wengi. Alipomwona amesimama mbele ya kioo amevaa koti la suti, aligeuka asilie. Koti lilikuwa la Joldosh. Mikono ilikuwa mifupi na tai aliifunga mwenyewe, mara ya kwanza maishani, kwa kuiangalia ile ya kalenda.

Wakaenda kila mmoja kwa wakati wake. Mlangoni, mlinzi alimtazama viatu.

"Mafundi wa umeme mlango wa nyuma, mzee."

"Nimekuja kutazama."

"Kutazama nini?"

"Vilivyowekwa vitazamwe."

Mlinzi akamwacha apite, si kwa adabu. Gari la Bibi Gulsara lilikuwa linaingia na hakutaka kukutwa anabishana. Toktosun akaingia kwenye ule mwanga wenu mweupe. Kuta zilijaa kazi za watoto wa wenye mali. Kulikuwa na msichana aliyewachora wafanyakazi wa ndani wa kwao, wote bila macho. Kulikuwa na Artur, mtoto wa mwenye jengo, aliyejichora mwenyewe uchi ndani ya beseni la kuogea, amepakata samaki. Watu walisimama mbele ya Artur na samaki wake wakisema "ujasiri". Mimi sijui ujasiri gani unatakiwa kuoga.

Akalipata jiwe. Alilitazama kama fundi kwanza. Akaangalia kope, akaangalia alivyopita kwenye shavu, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Kisha akainama kwenye kibandiko: jina la Aizirek, neno Baba, na chini yake kwamba msanii alimpoteza baba yake kwa maradhi ya mapafu, na kwamba kazi hii ni kwaheri yake.

Alisoma tena. Upande wa pili wa ukumbi, kati ya vijana walioshindana, Aizirek alimwona akisoma. Toktosun hakumtazama. Alijinyoosha, akajisogeza nyuma hatua chache, kama mtu aliyekuta chumba kina mwenyewe.

Ndipo wakaja: Bibi Gulsara na manukato yake, Dilbara, na jaji mkuu, Profesa Kerim, mwenye skafu iliyozungushwa shingoni ndani ya nyumba yenye joto. Nawe ulikuwa nyuma yao, na glasi.

"Tazama huu mdomo," Profesa akasema. "Ulio wazi. Kana kwamba anatafuta neno la mwisho."

"Anatafuta hewa," Toktosun akasema.

Wakageuka. Uso ulikuwa mbele yao mara mbili, kwenye jiwe na juu ya tai. Nyusi zile zile, kovu lile lile kwenye kidevu. Hakuna aliyeona. Mlikuwa mmeshazoea kwamba watu kama hao mnawaona wakiwa wamewekwa ukutani tu.

"Ulimfahamu marehemu, mzee?" Bibi Gulsara aliuliza.

Toktosun akatazama upande wa binti yake. Alimtazama kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi mbili, za kwake, zile fupi. "Tulikuwa tunafahamiana," akasema. "Tulikata mawe pamoja."

"Wapi?"

"Kwenu, bibi. Kiwandani."

Bibi Gulsara ni mtu aliyelelewa vizuri. Akautoa mkono wake kwenye glavu, akamshika mkono. "Pole sana kwa kumpoteza rafiki. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hakuwa na maneno mengi."

"Mungu amrehemu."

"Amina," Toktosun akasema. Alipokea rambirambi yake mwenyewe kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha kikohozi kikamshika. Kilikuwa kirefu, kilimkunja, kikamwaga mate kwenye tai yake. Mpiga picha akashusha kamera.

"Mzee wangu," Profesa akasema, "pengine ungepumzika nje. Tunapiga picha hapa." Na mlinzi alikuwa ameshamshika kiwiko.

"Mwachie," Aizirek akasema.

Alikuwa amevuka ukumbi. Alikuwa mweupe kama nukta zake. Baba yake alimtikisia kichwa: hapana, nyamaza, tumefika. Yeye akaendelea.

"Mwachie huyo. Ndiye yeye."

"Ndiye nani?" Dilbara akauliza.

"Mwenye uso. Baba yangu. Jina lake Toktosun, na hajafa."

Sasa mkatazama. Mlitazama jiwe, mkatazama mtu, mkatazama jiwe, kama mnunuzi anayelinganisha bidhaa na picha yake dukani. Kuna aliyecheka. Dilbara alivaa miwani.

"Ulituambia amefariki," alisema.

"Uliniuliza alikufa lini. Hukuniuliza kama amekufa."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Ninyi mbebe la kwenu."

Wakaenda kunong'ona pembeni, karibu na samaki wa Artur. Toktosun alisimama na binti yake kando ya jiwe, na alimwambia kwa hasira, taratibu, ili watu wasisikie: "Mjinga wewe. Nilikuwa nimeshakufa vizuri. Ilibaki wewe tu kuvumilia."

"Sikuweza, baba."

"Ungeweza. Nusu mwaka tu ningekaa ndani."

Profesa Kerim akarudi na uso wa daktari anayeleta majibu. Alisema kazi yenyewe ni nzuri, mkono upo, hakuna anayekataa. "Lakini uelewe, binti. Kazi hii ilisimama juu ya kifo. Sasa inasimama juu ya nini?"

"Juu ya sakafu," Toktosun akasema.

Hakuna aliyecheka, maana safari hii yule waliyemcheka ndiye aliyetania. Nafasi ya ziwani ikaenda kwa Artur. Bibi Gulsara alisoma jina kwenye kadi, mkapiga makofi, hata wewe, kwa mkono mmoja juu ya glasi. Wakati watu wakimpongeza mtoto wa mwenye jengo, Dilbara alimfuata Aizirek penye makoti. Alimaanisha wema, hilo ndilo baya zaidi.

"Usikate tamaa," alisema. "Jaribu tena mwakani. Mwakani mambo yanaweza kuwa tofauti."

Toktosun, aliyekuwa akivaa kofia yake, akakohoa. Dilbara alimtazama kifuani. Kisha akatazama kando.

*

Joldosh alikuja na lori na blanketi. Toktosun akalikataa blanketi. Akapanda nyuma, akaketi juu ya tairi la akiba kando ya uso wake, na wakapita mji mzima hivyo, mtu na jiwe lake, bila kufunikwa. Kwenye taa nyekundu mwanamke mmoja aliinua viganja aombe dua, akaona kichwa kinageuka, akaviteremsha.

Shangazi Kanysh alikuwa amewasubiri uani na nyundo. Burulcha alikuwa nyuma yake. "Wamempa?" aliuliza.

"Wamempa mwenye samaki," Toktosun akasema.

Hakuna aliyemwuliza samaki gani. Shangazi akamnyooshea nyundo. "Basi lipasue. Limekudhalilisha na halijakulipa."

Toktosun akaishika nyundo, akaipima uzito, akaiweka juu ya ukuta. "Lisimame hapa getini. Wa Naryn wakija tena, waniulize kwanza."

"Mauti hayaulizi."

"Hayo yanajua ninapokaa, dada. Yalinisajili kiwandani zamani."

Likasimama getini. Liko hapo hadi sasa. Wateja wanaliona wakiingia. Mmoja amelalamika kwamba marehemu yule hakuvaa suti. Kazi imerudi, maana ardhi imelainika na watu wanataka mawe yao. Baba anakata, binti anagonga, mlango wa karakana umefungwa kwa sababu ya upepo. Jumatatu, Burulcha, akiosha jiwe uani, alisikia kikohozi ndani akainua kichwa. Alisubiri kije tena. Kikaja. Alikaa na brashi mkononi, maji yakimtiririka kwenye mikono ya nguo, na hakuweza kujua ni cha nani.

Sasa wewe. Ulimwonea huruma alipokuwa maiti. Tuone utamfanyia nini akiwa hai. Kiwandani misumeno inakata kavu hadi saa hii unaposoma, kwa sababu bomba lililopasuka kwa barafu halijatengenezwa, na vijana wa zamu ya asubuhi wanaivuta ile punje ya vumbi. Pesa ya bomba ilikuwapo. Imekwenda kumwogesha Artur ziwani. Usitume ujumbe wa pole. Usiandike kwamba umeguswa. Vaa koti, kesho kabla zamu haijaingia uwe umesimama kwenye geti la kiwanda, mbele ya lori, na wa nyumbani kwako, na jirani yako, na yule uliyekuwa ukipiga naye makofi. Waambie hakuna jiwe linalotoka mpaka maji yatoke kwenye msumeno. Wakikwambia mrudi mwakani, usisogee. Wa mwakani wameshaanza kukohoa.